Jiko la Chanda Lina Mlango Wake

Shangazi,

Barua ulizonifundisha kuandika nikiwa darasa la nne zote zilianza kwa kumuuliza mtu hali, zikafuata salamu za watoto, za mvua, za ng'ombe, na kilichomleta mwandishi kikasubiri ukurasa wa pili. Leo naivunja hiyo adabu. Hali yako naijua. Uko chini ya mgrevilea kule Iyula, kwenye makaburi ya ukoo, na nyasi zimeshaota. Mvua bado. Ng'ombe uliwauza mwenyewe. Kwa hiyo naanza na kilichonileta.

Jina la Chanda liko ukutani. Liko lote, herufi kubwa kama kiganja changu, na halifutiki. Baba Mkubwa ameshajaribu.

Nakuandikia kutoka ofisini kwangu Tunduma, hapa juu ya duka la spea, penye ile ngazi uliyosema imejengwa na mtu asiye na mama. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani kama ulivyoyaacha. Nimefunga mlango, kwa sababu nikikuandikia huwa nasema kwa sauti, na karani wangu ameanza kuniangalia kwa huruma. Sitaki huruma. Nina hasira bado, na nina furaha, na vyote viwili ningependa uvione.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana hukumpenda mtu wa kurukaruka.

Unakumbuka siku uliyokuja huku kupimwa macho. Ulikuwa na miwani mipya, unaona kila kitu na kukosoa kila kitu. Mimi nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuchora: kituo cha wageni kule Iyula, kwenye kipande cha ardhi kilichotolewa na ukoo wetu, kituo cha kuwaeleza watu historia ya utumwa na uhuru katika nchi hii yetu ya mpakani. Baba Mkubwa, kama mkubwa wa ukoo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Mezani palikuwa na mfano mdogo wa jengo, wa karatasi ngumu, nimeukata kwa wembe wiki nzima. Nikakuonyesha kwa majivuno. Mgeni anaingia hapa, chumba cha giza. Minyororo inaning'inia darini. Kwenye spika sauti za watu wanalia. Anatembea, giza linapungua kidogo kidogo, mpaka anatokea kwenye chumba cheupe chenye picha za misheni. Nilidhani utatoa machozi. Sikufichi, niliyangoja.

Wewe ulisogeza kiti. Uliingiza kidole kwenye kile chumba cha kwanza, ukaukata uzi nilioutumia kama mnyororo, ukasema, "Umemfunga tena."

Nilinuna. Nilikuwa na shahada ukutani na wewe ulikuwa na darasa la saba la watu wazima. Ulikunywa chai yako yote ndipo ukaendelea, na ulichosema nakibeba mpaka leo: "Bibi yangu hakuanzia kwenye mnyororo. Alianzia kwao."

Vipande vya habari za Chanda nilikuwa navijua, kama sote kwenye nyumba yetu tunavyovijua, kwa kunong'onezwa. Siku ile ulinipa nzima. Ulilala naye kitanda kimoja mpaka ulipofika miaka minane au tisa, akafariki, kwa hiyo ulichosema hukukisoma mahali. Ulisema alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kabla mtu yeyote hajauchora. Mama yake alilima ulezi. Alikuwa na wadogo zake wawili wa kiume, na alijua kutega kware kuliko wao. Watu wa msafara wa watumwa walimchukua shambani akifukuza ndege. Mnyororo ulikuwa wa wanaume wazima; yeye walimtwika pembe ya ndovu iliyomzidi urefu, akatembea nayo kichwani siku asizoweza kuzihesabu, mpaka miguu ikavimba. Hapo ndipo walipofika kwetu. Mkuu wa msafara aliona huyu hatafika pwani, na ukoo wetu ukamchukua kwa majembe mawili na kipande cha kaniki.

Ukoo wetu. Hukuteremsha sauti uliposema hivyo, na dirisha lilikuwa wazi.

Ukaniambia habari ya ngata. Kwamba tangu alipotua ile pembe, Chanda hakuweka tena ngata kichwani wala mzigo wowote juu yake. Maji aliyakumbatia kifuani, kuni alizifunga mgongoni, na watoto wa kijiji walimcheka, na wewe mwenyewe ulimcheka mara moja ukajuta. Wazee walimtoa kwa kijana mmoja wa ukoo awe mkewe, bila mahari, kwani mahari angelipwa nani. Akamzaa Babu. Babu alipoanza kutambaa akasikia kwamba misheni wanapokea watu waliotoroka utumwa, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka mchana kweupe wakati wenzake wako shambani. Niliandika maneno yako pale pale nyuma ya risiti: "Walimfungulia mlango. Kutembea alitembea mwenyewe."

Baada ya miaka ukoo ulimfuata, wakimtaka mtoto wao. Angeweza kukataa. Alisema mtoto anahitaji ardhi na baba, atarudi, ila kwa sharti moja. Wamjengee jiko lake, lenye mlango wake, ambalo hakuna mtu ataingia bila kupiga hodi. Watu walicheka. Mtu ameshika mpini, anaweza kudai ng'ombe, anadai jiko. Wakamjengea. Akakaa humo mpaka anakufa, na wewe ulizaliwa humo.

Ila kicheko chao ndicho tulichorithi. Ukoo ukikaa kikao, sisi tunaitwa nyumba ya jikoni. Sisi ndio wa kuchinja, wa kupika, wa kuosha sufuria. Kwenye ardhi, kwenye makaburi, kwenye posa, hatuulizwi. Ukihoji unaambiwa ndivyo tulivyokuta. Wazee wenyewe nusu yao hawajui sababu, na nusu nyingine wanajua vizuri sana.

Uliposhuka ile ngazi ulishika mkono wangu ukasema niliandike jina lake ukutani. Hukuomba. Ulisema kama unavyomwambia mtu afunge geti.

Halafu ukafa, Shangazi, na mvua za mwisho za mwaka jana, kabla sijachora hata mstari mmoja mpya.

Nikueleze msiba wako, maana hukuuona. Watu walijaa mpaka barabarani. Kwaya yako iliimba, na sauti ya pili ilipwaya kwa sababu hukuwepo. Nilikuwa nimekaa ndani karibu na jeneza na dada Rehema, binti yako wa pekee, ameinamisha kichwa kwenye mapaja yangu. Akaja mke wa mmoja wa wazee, akainama, akamwambia Rehema taratibu kwamba wali wa wazee unaelekea kuungua, aende akaangalie. Binti wa marehemu. Na Rehema akainuka, Shangazi. Alifunga kanga kiunoni akaenda, kwa sababu ndivyo tulivyokuta. Nilibaki pale nakutazama wewe na nilitaka kupiga kelele, sikupiga. Nimejilaumu kwa ukimya ule kuliko kwa jambo lolote.

Siku ya nne nikarudi Tunduma nikavunja ule mfano wa karatasi.

Nilianza kwao, kama ulivyotaka. Chumba cha kwanza sasa kina madirisha makubwa, mwanga mtupu, na ulezi umeoteshwa hadi kizingitini. Mgeni anaingia na kukuta mtoto ana mama, ana wadogo zake, ana mtego wa kware. Chumba cha pili hakina mnyororo hata mmoja. Kina ngata moja tu, imewekwa juu ya kiti kidogo, na mgeni anaambiwa ilibeba nini. Nimeona wanaume wazima wakisimama pale wasijue mikono waiweke wapi. Chumba cha tatu ndimo nilimoandika mauzo: ukoo wetu ulimnunua Chanda kwa majembe mawili na kaniki.

Baba Mkubwa alisoma maneno hayo kwenye kikao cha kamati, kwenye darasa la shule ya msingi, akayakata kwa kalamu nyekundu. Juu yake akaandika: msichana mmoja mtumwa aliokolewa. Msichana mmoja. Ng'ombe wake mwenyewe wote wana majina.

Nilimfuata nje. Unajua simchukii, ingawa si wa nyumba yetu. Baba alipofariki ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, amebeba godoro langu begani kutoka stendi. Nilimwambia hili ni jina la bibi yake Shangazi. Macho yake hayakuwa na ukali. Akasema, "Debora, unataka wajukuu wangu waitwe wauza watu." Ni kitu kizito alichosema, na alikisema kama mtu anayeumwa. Nilirudi Tunduma na basi la jioni nikikiwaza njia nzima, na nilipofika nilikuwa nimeamua. Wajukuu wake wana ukoo mzima wa kuwatetea. Chanda alikuwa na mimi.

Nikaliondoa kabisa jina lake kwenye ukumbi wa maonyesho, pamoja na yale mauzo. Afadhali asitajwe kuliko kuwa msichana mmoja. Na nikampeleka mahali pengine.

Kikao cha pili kilikuwa cha kupitisha michoro yote, kitabu cha kurasa kumi na tisa, kila ukurasa saini ya mwenyekiti. Walikuwa wazee saba, na walisoma kila neno la kila ukuta. Walibishana nusu saa kuhusu rangi ya geti. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa jiko. Kituo kina jiko, kwa ajili ya chakula na kahawa ya wageni, na kila mtu alilitaka jiko. Chini ya mchoro nilikuwa nimepiga chapa maandishi yote ya ukuta wa mashariki, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, herufi zile zile za kurasa nyingine. Nikasema kwa sauti: ukurasa wa kumi na nne, jiko, kuna maandishi ukutani. Mzee mmoja akauliza kama hiyo ndiyo bei ya chakula. Wakacheka. Baba Mkubwa akauliza swali moja tu: "Moshi utatokea wapi?" Nikamwonyesha bomba la moshi, limejengwa ndani ya ukuta ule ule wa mashariki. Akaridhika. Akatia saini, akafunua ukurasa wa kumi na tano, vyoo, na hapo wakasoma tena neno kwa neno.

Sikuwaficha, Shangazi. Nataka uelewe, maana hukupenda ujanja. Niliandika wazi na nikatamka wazi. Wale wazee wameishi maisha yao yote wakila kutoka jikoni na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama ndani yake. Nakiri tu kwamba sikurudia kusema mara ya pili.

Maandishi hatukuyapaka rangi. Plasta ilipokuwa mbichi nilimwita Rehema na wanawake wanne wa nyumba yetu, tukayachonga kwa mipini ya vijiko. Mafundi walisimama mlangoni wakitushangaa. Rehema ndiye aliyechonga jina. Herufi ya N imeinama kidogo, nimekataza isirekebishwe.

Siku ya kufungua ilikuwa Julai ya mwaka huu, na Julai ya Iyula unaijua. Upepo ulipiga mpaka turubai likakunja miguu. Mgeni rasmi, mama mmoja kutoka mkoani, aliutembelea ule ukumbi kwa heshima yote huku akitetemeka ndani ya kitenge chake, na alipofika mwisho akauliza kama hapa hapana moto. Rehema akasema upo, karibu mama, ila kwetu tunapiga hodi. Mgeni rasmi akapiga hodi. Nyuma yake wakaingia waandishi, na nyuma yao wazee wote saba, kwa sababu mgeni rasmi akienda mahali lazima uende.

Mafiga matatu katikati, moto unawaka, kahawa ya shamba lako imechemka. Na ukuta mzima mbele yao. Yule mama alivaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo kanisani:

"Chanda alizaliwa ng'ambo ya mpaka kabla mpaka haujachorwa. Alikuwa na mama na wadogo zake wawili. Aliletwa hapa amebeba mzigo usio wake. Ukoo wetu ulimnunua kwa majembe mawili na kaniki. Alitoroka kwa miguu yake, mwanawe mgongoni. Alirudi kwa sharti lake. Jiko hili lina mlango wake kwa sababu yeye alidai la kwake liwe na mlango. Tunaopika humu ni watoto wake."

Kuni zililia motoni. Baba Mkubwa aliuliza ni nani ameruhusu. Nilikuwa na kitabu cha michoro mkononi, nikamfunulia. Alipitisha kidole kwenye saini yake. Akasema, "Ukurasa huu sikuusoma." Nikamjibu, "Najua, Baba Mkubwa." Sikumjibu kwa kejeli. Rehema akaokoa hali kwa kuwagawia kahawa. Aliwapa wote, wa mwisho akanipa mimi, na kikombe kilikuwa chako, kile cha bati chenye ua la bluu.

Baada ya hapo mambo yakawa magumu, kama unavyoweza kukisia. Wiki iliyofuata alikuja na fundi wa rangi. Fundi akapaka mikono miwili, mitatu, na kila ilipokauka herufi zikaonekana vizuri zaidi, nyeupe juu ya nyeupe, na kivuli ndani yake. Akashauri ukuta ubomolewe. Nikawaambia wabomoe, ila humo ndimo bomba la moshi linamopita, na Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyetaka kuhakikishiwa habari ya moshi. Yule fundi alikunja brashi zake akaomba nauli.

Ndipo ujumbe ukaja, kwa mdomo wa mzee mwingine. Nisipokivunja kile kitu, ukoo hautakuja kuweka msalaba wako. Na nyumba ya jikoni ijitafutie mahali pengine pa kuzikia, wewe uwe wa mwisho.

Hapo ndipo nilipoogopa, Shangazi, na wewe ndiye pekee ninayeweza kukuambia. Msalaba usiowekwa na ukoo. Niliwaza wewe, uliyewazika wote wale, uliyewapikia misiba yao yote, ubaki na kilima cha udongo tu kama mtu asiye na kwao. Nilishika nyundo, siongopi. Nilikwenda Iyula siku ya Jumatano nimeiweka kwenye begi. Nikaikuta familia moja ya wageni jikoni, baba, mama na mabinti watatu, wamekaa kwenye vigoda, na Rehema anawasimulia habari za mtego wa kware. Rehema ambaye hata kwenye kwaya alikuwa anasimama nyuma. Alikuwa amesimama wima, mkono kiunoni, anasema "bibi yangu mzaa babu" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikarudi na nyundo yangu. Iko hapa kwenye droo.

Msalaba wako tuliuweka sisi wenyewe. Mwezi wa tisa, Jumamosi, mchungaji alikuja, kwaya ilikuja, majirani walikuja, ila viti vya ukoo vilikuwa vitupu mbele kabisa, safu nzima, na sikuruhusu mtu aviondoe. Nilitaka vionekane. Kuna sehemu mchungaji anaita ndugu wa marehemu upande wa baba washike msalaba kwanza. Aliita. Upepo tu. Nilisimama, Rehema akasimama, lakini sisi ni watoto, anahitajika mkubwa.

Hapa inabidi nikutambulishe mtu. Mama Bwalya ni Mzambia wa Nakonde, ananiuzia dagaa na vitenge hapa Tunduma huu mwaka wa kumi. Ulimwona mara moja, ulisema anacheka kama mlango wa bati. Alikuja kituoni mwezi wa nane, kwa sababu tu nilikuwa nikimsumbua kila siku na habari za kituo. Alisoma ule ukuta mara mbili. Kisha akaniambia Chanda ni jina la mama yake mdogo, na la binti yake wa pili, na kwamba kwao kila nyumba ina Chanda. Sikujua kwamba ameandika tarehe ya msalaba. Alivuka mpaka asubuhi ile na wanawake wenzake watano, wote wamevaa vitenge vya sare, wakakaa nyuma kabisa.

Mchungaji alipoita mara ya pili, Mama Bwalya akainuka. Akapita katikati ya watu, akapita ile safu ya viti vitupu, akaushika msalaba wako kwa mikono miwili. Akasema kwa Kibemba, "Uyu mwana wesu," na ili mtu asijifanye hakuelewa akarudia kwa Kiswahili: huyu ni mtoto wetu. Bibi yake alichukuliwa, tumekuja. Hao wanawake watano wakaanza kuimba, nami nikalia mbele za watu kilio ambacho sikukilia siku ya maziko yako.

Kwenye msalaba tumeandika jina lako, na chini yake: mjukuu wa Chanda.

Baba Mkubwa alikuwepo, kama ni habari kwako. Alisimama ng'ambo ya ua wa makaburi, kofia mkononi, akidhani mibuni inamficha. Mibuni ilikuwa na maua, meupe yote, na yeye alikuwa na koti jeusi. Tulipomaliza nilimfuata, nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia jikoni kuna ukuta wa magharibi hauna kitu. Kama wajukuu wake wana la kusema juu ya majembe mawili, waje waseme, nitachonga mwenyewe. Aliniuliza tu yule mama Mzambia amekuja na usafiri gani, na kama ana namna ya kurudi. Sijui hilo nilipime vipi, bado nalipima.

Sasa jambo la mwisho. Juzi ameleta ujumbe. Ukoo unakaa Desemba, kikao kikubwa, cha ardhi na makaburi, na wameomba nyumba ya jikoni ije mapema kama kawaida, watu watakuwa wengi. Kama kawaida. Hawajafuta waliyosema kuhusu kutuzika, ila njaa hawajaisahau.

Nimejibu kwamba tutakuja. Rehema atakuja, wale wanne waliochonga watakuja, na mimi nitakuja. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Tutaingilia mbele, tutapiga hodi kama watu wenye adabu, na tutakaa kwenye kikao. Wakisema viti havitoshi, kigoda chako ninacho, nitakwenda nacho kwenye buti ya gari. Na ikifika ajenda ya makaburi, wa kwanza kunyoosha mkono ni mimi, na nitaanza kwa kulitaja jina la bibi yako, nilitaje lote, na wote wananisikia.

Lala salama, Shangazi yangu. Nyasi nitakuja kuzing'oa mwenyewe kabla ya mvua. Kikombe chako nakinywea kila siku, usikidai.

Siku hiyo ya kikao watakula nini, kwa kweli sijui. Wajipange.

Mwanao,
Debora, kitukuu wa Chanda